Mwenye Kazi na Mwenye Mali

Kampuni ndogo inapouzwa, wenye hesabu huuliza bei ya mitambo, ya majengo na ya madeni. Mhakiki hana budi kuuliza neno jingine: je, haki ya kuamua juu ya kazi yenyewe, kwamba hii itoke na ile isitoke, nayo imo katika bei? Kwetu Shinyanga na Geita, ambako machimbo yamepita mikononi mwa wengi, swali hili si geni. Bulyanhulu ilichukuliwa na Barrick mwaka 1999. Mgodi wa Geita ukawa wa AngloGold Ashanti mwaka 2004. Lakini mfano ulio wazi kupita yote ni Mwadui.

John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Masimulizi humpamba kuwa shujaa wa pekee, aliyekataa kuwauzia mgodi De Beers, mabwana wa soko la almasi duniani, hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 akazizuia almasi zake kwa muda. Ukakamavu huo ni wa kweli. Walakini masimulizi hayo yana kasoro: hukoma pale ambapo hadithi ingepaswa kuanza. Williamson alifariki Januari 1958. Mwaka haukwisha, mgodi ukauzwa: nusu De Beers, nusu serikali ya Tanganyika. Uhuru uliosifiwa sana ulikuwa umekaa katika kifua cha mtu mmoja, nao ulizikwa pamoja naye. Wala tusiulilie kupita kiasi, kwa maana wachimbaji hawakuwa na sauti katika uhuru huo, na nusu iliyokwenda kwa serikali ilikuwa zaidi ya kile ambacho nchi ilikuwa nacho kabla.

Almasi, hata hivyo, haina mtunzi. Ili tuone jambo hilihili katika kazi ya uumbaji, yafaa tutazame uchapishaji wa vitabu. Heinemann Educational Books ya London ilianzisha African Writers Series mwaka 1962, na kwa miaka kumi ya kwanza mhariri wake alikuwa Chinua Achebe. Heinemann ilikuwa mali ya Thomas Tilling, na mwaka 1983 Tilling ikanunuliwa na BTR, kampuni ya viwanda. Baada ya hapo vitabu vipya vya mfululizo ule vilipungua sana. Hakuna mswada uliopigwa marufuku. Daftari la faida lilitosha. Hii ndiyo hatari ambayo wahakiki wetu, waliozoea kumtafuta adui katika serikali peke yake, hawaioni upesi.

Katika tawi la Nairobi mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1980 Henry Chakava alichapisha Caitaani Mũtharabainĩ, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa lugha ya Kikikuyu, wakati soko lake lilikuwa la mashaka na hatari yake ya hakika. Hakuridhika na ushujaa huo. Aliongoza ununuzi wa hisa hata kampuni ikawa ya wenyeji, na mwaka 1992 ikaitwa East African Educational Publishers. Chakava alifariki mwaka 2024, na kampuni haikufa naye. Hapo ndipo anapomshinda Williamson: alitambua kwamba msimamo usio na hisa ni nia njema tu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Atakuja mtu aseme kwamba mwenyeji naye hutaka faida. Ni kweli. Wachapishaji wa Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule, na mwenye mali wa hapa aweza kuukataa ushairi kama yule wa mbali. Umiliki hauhakikishi uadilifu wa kazi. Huupa mahali pa kukaa tu. Kinachobaki ni maandishi. Mtunzi anayetia sahihi mkataba na aulize: kampuni ikiuzwa, haki ya kitabu changu itakwenda kwa nani, na kisipochapishwa tena, itanirudia lini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ya sanaa ni mali, ingawa wengi wetu twaona haya kuitaja hivyo.