Sauti Isiyo na Neno: Duma na Swali la Kelele katika Fasihi Yetu

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi ya wasanii wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliotunga pamoja kwa jina la Duma, na kuuliza kama mhakiki wa lugha ana neno la kusema juu ya utungo ambao maneno yake karibu yote hayasikiki. Swali hili si la mzaha. Tumezoea katika idara zetu kuuchukua wimbo, kuyanakili maneno yake karatasini, kisha kuyahakiki maneno hayo kana kwamba sauti ilikuwa bahasha tu iliyoleta barua. Hapa bahasha ndiyo barua, na mhakiki aliyezoea kuichana na kuitupa hubaki mikono mitupu.

Kwanza yafaa tueleze kidogo asili ya muziki wenyewe. Jina la “muziki wa viwandani” lilitokana na kundi la Uingereza liitwalo Throbbing Gristle, ambalo mwaka 1976 lilianzisha kampuni yake ya kurekodi na kuiita Industrial Records. Wasanii wake walichukua mvumo wa mashine, kanda zilizokatwakatwa na mayowe, wakavifanya kuwa malighafi ya sanaa, katika nchi ambayo viwanda vyake vikongwe vilikuwa vikififia. Desturi moja ya muziki huu inatuhusu sana: mwanamuziki wake hatulii katika kundi moja. Huwa na kazi yake kuu, na pembeni huwa na kazi nyingine ya kujaribia yale ambayo kundi kuu haliyataki. Throbbing Gristle lilipovunjika mwaka 1981, wawili katika wanne wake waliendelea kwa jina la Chris & Cosey, na muziki wao ukawa wa namna nyingine kabisa.

Duma nayo ilizaliwa pembeni. Kanja alitoka katika bendi ya Lust of a Dying Breed, na Karugu katika Seeds of Datura, bendi mbili za lile tawi kali la roki ambalo Nairobi limekuwa na wafuasi wachache lakini waaminifu. Bendi hizo zilikuwa na gitaa, besi na mpiga ngoma wa kweli, na zilifuata kanuni za watangulizi wao wa Marekani na Ulaya kwa heshima ambayo, kwa maoni yetu, ilizizuia. Mwaka 2019 wawili hawa walikutana kando ya njia hizo. Karugu alishika gitaa na mitambo; Kanja alishika sauti. Mpiga ngoma hakuwapo, na ngoma zote zikatoka katika mashine, kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifikia. Walirekodi Kampala, katika studio ya Nyege Nyege Tapes, na albamu yao iliyobeba jina la Duma ikatoka Agosti 2020. Kilichokuwa cha pembeni ndicho kilichosikika duniani.

(Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kutabasamu kwa jina la kampuni hiyo. Waanzilishi wake hulihusisha na neno la Kiganda *ekinyegenyege*, yaani hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Maana inayomjia Mswahili kwanza haihitaji kamusi, wala haiko mbali sana na hiyo.)

Mwandishi wa makala haya aliisikia albamu hiyo mara ya kwanza akiwa katika kituo cha Kawangware 46, kwa vipokea sauti vya masikioni alivyoazimwa na mwanafunzi wake. Wanaokijua kituo hicho watafahamu kwa nini jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Hapo ndipo matatu za njia namba 46 humaliza safari na kuianza upya. Utingo hupiga bati kwa kiganja, na dereva hujua kwa idadi ya makofi kama asimame au aondoke. Mafundi wa milango ya chuma wanakata na kuchomelea kando ya barabara. Mhubiri ana kipaza sauti chake, na muuza dawa ya panya ana chake, kilichorekodiwa, kisichochoka. Baada ya dakika kadhaa mwandishi hakuweza kuamua ni mlio upi ulitoka masikioni na upi ulitoka kwenye mashine ya fundi. Alipovitoa vile vidude ili ahakikishe, hakuona tofauti kubwa ya kiasi. Tofauti ilikuwa ya mpangilio.

Hapa ndipo muziki wa viwandani wa Nairobi unapoachana na ule wa London. Huko kelele ya mashine ilikuwa sauti ya kazi inayoondoka. Huku ni sauti ya kazi inayotafutwa. Kila alfajiri watu wengi wa Kibera hufuata reli kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda kungojea kibarua langoni, na wengi hurudi bila kukipata. Wale wa jua kali, ambao ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliwapa umaarufu kwa jina la “sekta isiyo rasmi”, wamejitengenezea viwanda visivyo na paa. Hatudai kwamba Kanja na Karugu walikusudia kuwatungia watu hawa. Tunadai kwamba sikio lililokulia katika jiji hili haliwezi kuisikia nyundo juu ya bati kama anavyoisikia kijana wa Uingereza, ambaye kwake ni kumbukumbu ya babu yake.

Tuingie katika jina. Wasanii wenyewe wameeleza kuwa *duma* ni giza kwa Kigikuyu. Mwanaisimu atasita hapo, kwa sababu neno la Kigikuyu ni *nduma*, na fonolojia ya lugha hiyo haina kitamkwa [d] kinachosimama bila nazali mbele yake. Kwa kuidondosha nazali wamelitoa neno nje ya lugha ya mama na kuliweka mahali ambapo Mkenya yeyote atalisoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili duma ni mnyama. Hatujui mnyama mwingine ambaye angefaa zaidi. Duma hupita wanyama wote wa nchi kavu kwa mbio, na muziki huu ni wa mbio. Lakini duma hangurumi. Simba na chui hunguruma. Koo la duma haliwezi, naye hulia mlio mwembamba kama wa ndege. Basi utungo wote wa mngurumo umepewa jina la mnyama asiye na mngurumo, na giza limo ndani yake kwa yule anayeikumbuka nazali iliyoanguka. Mshairi wa kimapokeo angejivunia fumbo kama hili.

Sauti ya Kanja ina ngazi nyingi: mkoromo wa chini, yowe la juu, mnong’ono, na mara chache usemi wa kawaida. Kosa la wasikilizaji wengi ni kuziita zote “kupiga kelele”. Jamii zetu hazijawahi kuamini kwamba sauti isiyo na neno haina maana. Kwa Wagikuyu mtoto alipozaliwa wanawake walipiga *ngemi*, tano kwa mvulana na tatu kwa msichana. Jirani aliyekuwa ng’ambo ya bonde alizihesabu akaijua habari yote bila kusikia hata silabi moja. Mwambao una vigelegele, una ukemi, una mbiu. Walimu wa fasihi simulizi huvitaja vitu hivi kama viambatisho vya utendaji, kisha hurudi haraka kwenye maneno. Duma inatulazimisha tukae navyo. Ukihesabu pale ambapo mkoromo unageuka kuwa yowe, na pale ambapo mashine inanyamaza ghafla na kuiacha sauti peke yake, utaona kwamba mgawanyo huo una kazi ileile ya vina: unamwambia msikilizaji kipande kimeisha na kingine kinaanza.

Yupo atakayesema kwamba sanaa hii si yetu. Hoja hiyo tunaifahamu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, waliolelewa na *Sheria za Kutunga Mashairi* za Kaluta Amri Abedi za mwaka 1954 walidai kwamba mashairi yasiyo na vina na mizani yameletwa kutoka Ulaya. Mabishano yalidumu miaka mingi, na leo *Kichomi* hufundishwa katika madarasa yaleyale. Hatusemi Duma itafuata njia hiyo. Tunasema tu kwamba ugeni wa chombo haukutosha kuwa hukumu wakati ule, wala hautoshi sasa.

Hata hivyo tusiwape wasanii hawa sifa zisizo zao. Anwani nyingi za albamu ni za Kiingereza, na baadhi zimechukuliwa kutoka ghala lilelile la kuzimu na malaika ambalo bendi za Ulaya zimelichakaza. “Pembe 666” inaonyesha kilichowezekana: neno moja la Kiswahili likikaa karibu na namba ya Ufunuo wa Yohana, linaleta pembe ya mnyama, pembe ya kupuliza na pembe ya uganga kwa pamoja. Mbona basi wakaishia hapo? Jibu tunalolihofia ni kwamba msikilizaji waliyemwona mbele yao alikuwa Berlin. Mwanafunzi aliyetuazima vile vidude ndiye mtu pekee tuliyemkuta Kawangware ambaye alikuwa amewahi kusikia habari za Duma.

Baadaye kazi ya pembeni nayo ilizaa pembeni yake. Kwa jina la Lord Spikeheart, Kanja alishiriki katika *Tewari* ya Scotch Rolex mwaka 2021, na Aprili 2024 akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, *The Adept*. Kiufundi tunaiona dhaifu kuliko *Duma*: wageni ni wengi, kila mmoja na mitambo yake, na ule mvutano wa watu wawili katika chumba kimoja umepotea. Lakini ina kitu ambacho *Duma* haikuwa nacho. Kanja ameitabaruku kwa Muthoni wa Kirima, Fildi Masho wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023, ambaye anamtaja kuwa mama wa bibi yake. Muthoni alikaa msituni hadi uhuru wa 1963, na huko tawi likivunjika chini ya mguu liliweza kuwaletea wanajeshi. Kitukuu amemtungia mayowe. Msikilizaji anayelijua jambo hilo hawezi tena kuyasikia mayowe hayo kama mapambo ya mtindo, na sisi tulioanza kwa kulalamika kwamba maneno hayasikiki tulijikuta hatuyatafuti.

Albamu hiyo aliitoa kwa kampuni yake mwenyewe, nayo ameiita Haekalu. Bila shaka ni hekalu letu, lakini ameliandika kwa irabu mbili mahali ambapo Kiswahili Sanifu kina moja, karibu na *haykal* ya Kiarabu kuliko tunavyoliandika sisi. Kama alifanya hivyo kwa kujua au kwa bahati tu, ni swali ambalo mwanafunzi wa shahada ya pili angeweza kumwendea akamwuliza, maana bado yu hai na anatunga.