Wazee Walisema: Ni Wazee Gani?

Katika insha za wanafunzi wetu liko neno linalotumiwa kupita haki yake: "wazee walisema." Majuzi nilisahihisha insha juu ya mapokeo ya Waisenye, watu wa Issenye katika Wilaya ya Serengeti. Kila aya ilifungwa kwa neno hilo. Kumbe mwandishi wake hakufika Issenye. Aliyafasiri tu, sentensi kwa sentensi, maneno ya Jan Bender Shetler katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, wala hakukitaja.

Hapa wamedhulumiwa watu wawili. Mwanahistoria ameibiwa kazi yake, na mzee amenyang'anywa jina lake; kwani katika maelezo ya kitabu kile wametajwa wasimulizi, mahali pao, na tarehe za mazungumzo. Kufasiri si kubuni. Aliyebadili lugha hajabadili mwenye mali.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Lakini kitabu kilijulikana kwa jina la Velten. Hata ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani ya kitabu. Ilipita miaka 78.

Pengine msomaji atasema kwamba mapokeo ni mali ya wote, hayana haja ya jina. Sikubali. Hadithi yaweza kuwa ya kabila zima, bali usimulizi ni wa mtu mmoja, mwenye ukoo wake na sababu zake za kukumbuka hili na kuliacha lile. Tusipomjua msimulizi, tutaupimaje ushahidi wake?

Basi, uliyoyasikia mwenyewe, mtaje msimulizi kwa ridhaa yake, na mahali, na tarehe. Uliyoyasoma, taja kitabu na ukurasa, kisha mzee aliyetajwa humo. Insha ile niliirudisha bila alama, nimeandika pambizoni swali moja tu: ni mzee gani?