Kabla ya Tafsiri: Kuitazama Upya In My Language ya Mel Baggs

Sisi tufanyao kazi ya kufasiri tumezoea kudhani kwamba matini ya asili hutangulia, kisha tafsiri hufuata ili kuitumikia. Ni mara chache tukutanapo na kazi inayoligeuza jambo hili kuwa kesi, na sisi wasikilizaji tukawa washitakiwa. Kazi moja ya namna hiyo ni filamu fupi ya dakika nane na nusu hivi, iliyotiwa kwenye YouTube mwezi wa Januari 2007. Mtungaji wake ni Mel Baggs, mwandishi wa Marekani mwenye usonji, aliyekuwa akiishi Burlington katika jimbo la Vermont, na aliyefariki dunia Aprili 2020. Jina lake ni In My Language. Watetezi wa haki za watu wenye usonji wameitaja sana, ila huitaja zaidi kama ushahidi. Makala haya yanakusudia kuitazama kama sanaa, kwa kuwa hoja yake ya haki imefungwa ndani ya umbo lake, na asiyeliona umbo haioni hoja.

Umbo lenyewe ni la pande mbili. Upande wa kwanza hauna neno hata moja. Twamwona mtu amesimama mbele ya dirisha, akiyumba na kupunga mikono, huku akivuma kwa sauti ndefu. Kisha twauona mkono ukikwaruza, ukipapasa, ukicheza na maji ya bomba. Twauona uso ukijisugua katika kurasa za kitabu. Mambo huenda hivyo kwa dakika tatu na zaidi. Ndipo yanapotokea maandishi ya kutangaza tafsiri, na sauti ya mashine ikaanza kusoma yale ambayo Baggs ameyaandika kwa kompyuta.

Sauti hiyo yaeleza kwamba yaliyotangulia ndiyo lugha yake ya asili. Ndani yake hamna fumbo la kufumbuliwa, na maji yale hayasimamii kitu kingine. Ni mazungumzo ya mwili na vyote vilivyouzunguka. Kisha laja shitaka. Anaposhughulika na ulimwengu kwa hisia zake zote, watu husema amejifungia katika dunia yake mwenyewe. Anapozibana hisia hizo na kuchapa maneno machache, ndipo husemwa amefunguka. Asipoijua lugha yetu, huo ni upungufu wake; tusipoijua yake, hakuna atuitaye wapungufu.

Nilipojaribu kulifasiri jina la filamu hii nilisita baina ya “Kwa Lugha Yangu” na “Katika Lugha Yangu”. Neno “kwa” huifanya lugha kuwa chombo, kama mtu aendaye kwa jahazi. Neno “katika” huifanya kuwa mahali, nyumba ambamo mtu anakaa. Nimeshika “katika”, maana mkono ule ulio majini haupeleki ujumbe popote; umo.

Tofauti hiyo yagusa hata majina ya hali yenyewe. Neno walilolieneza madaktari wa Ulaya, tangu Eugen Bleuler alipoliunda mwanzoni mwa karne ya 20, lina mzizi wa Kigiriki wenye maana ya nafsi. Waarabu walisema tawahhud, kutokana na mzizi wa umoja na upweke, na wako waandishi wa Kiswahili waliosema tawahudi, ingawa usonji ndilo lililoenea. Tazama jinsi tafsiri inavyorithi hukumu ya tafsiri: mtu amekwisha kuitwa mpweke kwa lugha kadhaa, naye hajaulizwa. Baggs ajibu kwa mkono. Azungumzaye na maji na karatasi hayuko peke yake. Ni sisi tusioyahesabu mazungumzo hayo.

Nguvu ya jibu hilo huonekana zaidi tukiliweka kando ya kazi nyingine ya mwaka huohuo. Desemba 2007 kituo cha Chuo Kikuu cha New York kinachoshughulikia afya ya akili ya watoto kilitoa matangazo mjini humo yaliyoandikwa mfano wa barua za watekaji nyara. Usonji, pamoja na hali nyingine kadhaa, ulisemeshwa kama jambazi aliyemshika mtoto na kuwatisha wazazi wake. Nia ilikuwa kuwazindua watu. Washairi twaijua mbinu hiyo: ni tashihisi, nasi twaitumia kuisemesha bahari na mauti. Lakini tashihisi ina gharama. Ukiupa usonji kinywa, umemnyang'anya mtoto kinywa chake. Katika barua zile mtoto ni mali iliyoibwa, na mazungumzo ni ya mwizi na mwenye mali. Watu wenye usonji, wakiongozwa na jumuiya yao ya Autistic Self Advocacy Network iliyoanzishwa 2006, walipinga pamoja na vyama vingine vya watu wenye ulemavu, na kabla ya mwezi kwisha matangazo yakaondolewa. Walishinda kwa kuisoma istiari vizuri kuliko walioitunga.

Usomaji huo ulikuwa na msingi wa zamani. Mwaka 1993, mjini Toronto, Jim Sinclair, naye mwenye usonji, aliwaambia wazazi mkutanoni kwamba hakuna mtoto mwingine, wa kawaida, aliyefichwa nyuma ya usonji. Wanayemlilia ni mtoto ambaye hakupata kuwako. Na yule aliyeko anakisikia kilio hicho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kabla ya hapo wengi waliokuwa wakikisimulia kitanda hiki ni waliosimama kando yake.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kwenda mbali ili kuijaribu hoja ya Baggs. Katika Maulidi ya Homu ya Unguja, wanaume hupiga magoti kwa safu, wakainama na kuyumba pamoja, viwiliwili vikifuata tari. Hakuna mwenyeji amwulizaye mmoja wao kuyumba huko kunasimamia nini. Sidai kwamba mambo haya ni mamoja: wale huyumba kwa mafunzo na kwa pamoja, huyu kwa maumbile yake na peke yake. Lakini mfano huu watuumbua kidogo. Mwili uyumbao hatuuiti mgonjwa kwa sababu ya kuyumba. Twauita mgonjwa unapoyumba bila sisi.

Hata hivyo filamu hii ina udhaifu. Upande wake wa pili una ufasaha mwingi mno. Sentensi zake ni za wakili hodari, na mara Kiingereza kinapoingia, mtazamaji hupumua, akausahau mvumo, akayahesabu yale ya mwanzo kuwa kitendawili kilichokwisha kuteguliwa. Hilo hasa ndilo Baggs alilolikana. Tafsiri imeimeza asili. Na nje ya filamu mtego ulikuwa mkali zaidi, kwani walitokea watu waliodai kwamba awezaye kuandika vile hana usonji wa kweli. Asiyesema hasikilizwi kwa kuwa hasemi. Asemaye hasikilizwi kwa kuwa amesema.

Simlaumu kwa kuitia tafsiri, maana pasipo hiyo wangekuwa wachache wa kuzivumilia dakika zile tatu. Bali wamsifuo kwa tafsiri peke yake wamelikubali sharti lilelile alilokuja kulipinga, kwamba mtu hupewa utu baada ya kuufasiri. Wako wengi ambao hawataandika hata aya moja maishani mwao, na haki yao haiwezi kuingoja aya hiyo.

Sheria nayo imekwisha kututangulia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, mwezi mmoja tu kabla ya filamu, katika kifungu chake cha 2 unazihesabu lugha zisizo za kusemwa kuwa ni lugha. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Basi maana ya lugha tuliyofungwa nayo ni pana kuliko ile tuliyofundishwa darasani. Tuipime nayo kila tarehe 2 Aprili, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya usonji. Hafla inayomkalisha mwenye usonji mstari wa mbele, ikamvisha fulana, ikamsemea tangu mwanzo hadi mwisho, na ikamtoa nje anapoanza kuvuma, imeialika picha yake tu.

Nasi watunzi tuna mizani yetu. Mwenye kutunga shairi la kuwatetea watu hawa, na arejee beti zake akavihesabu vitenzi. Anabebwa, anaombewa, anaonewa huruma, anafichwa, anafichuliwa: zaweza kufika beti kumi, vina vikiwa safi na mizani imetimia, na mtoto asiwe na kitenzi hata kimoja kilicho chake. Shairi hilo lirudishwe mezani.