Njia ya Ujiji na Kituo Kisicho Chake

Washairi wa pwani wamezoea kulipima shairi kwa vina na mizani, kisha kwa utoshelevu wa kila ubeti, na mwisho kwa kituo. Kituo ndicho kinachobaki masikioni baada ya malenga kunyamaza. Wapagazi wa misafara ya bara nao walikuwa na kituo chao: mahali pa kutua mzigo, kuchota maji na kulala. Neno ni hilo hilo, na si ajabu, kwani njia na shairi hutungwa kwa namna moja. Vyote viwili vina mwanzo na mapumziko, vina linalorudiwa na linaloachwa. Kwa hivyo njia nayo yaweza kuhakikiwa. Yaweza kuulizwa inasema nini, kwa kauli ya nani, na ni nani aliyenyamazishwa ili kauli hiyo isikike.

Njia inayostahili swali hilo ni ile ya Ujiji, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Leo hutembelewa na wapenda historia, wanafunzi na wageni wanaopita Kigoma wakielekea hifadhi za sokwe. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya UNESCO ile iliyoitwa Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, pamoja na vituo vyake vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jambo hili ni kubwa. Kumbukumbu ikishachongwa juu ya jiwe na kuwekewa kibao, huwa vigumu kuihariri. Basi ni vyema isomwe kwa makini sasa.

Mtembezi huanzia Kigoma mjini, kwenye stesheni waliyoijenga Wajerumani, pale wenyeji wanapopaita mwisho wa reli. Reli ilifika huko mwaka 1914, na tangu hapo miguu ikaanza kupoteza kazi yake ya kale. Kutoka stesheni barabara inapanda kuelekea Mwanga, kisha inaelekea kusini kilomita chache hadi Ujiji. Mwenye kutafuta mandhari ya picha hatapata mengi. Atakuta nyumba za tofali na paa za bati, misikiti, kanga na kofia, dagaa na migebuka sokoni, na mafuta ya mawese yakimeremeta kwenye chupa. Lakini mtu wa Unguja, wa Lamu au wa Tanga ataona jambo jingine. Ataona kwamba Kiswahili alichokiacha bandarini kinamngoja ziwani, kimechanganyika na Kiha na kumbukumbu za Wamanyema, nacho hakijioni kuwa mgeni.

Halafu kuna miembe. Hiyo ndiyo vina vya njia hii. Mwembe haukuzaliwa Afrika. Ulivuka bahari kutoka Bara Hindi, ukashuka pwani, kisha ukapanda bara pamoja na misafara. Kuanzia Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, miembe mikongwe huhesabiwa kuwa alama ya njia ya zamani. Kila inaposimama, hapo palikuwa na mtu aliyeketi kivulini, na mwingine aliyesimama akingoja ruhusa ya kuketi. Sauti ile ile inarudi kila baada ya mwendo, kama kina kinavyorudi mwishoni mwa mshororo, na mtembezi hujua bila kuambiwa kwamba bado yumo ndani ya utungo ule ule. Kwa fani, njia hii ni njema.

Ila lipo doa, nalo limo katika kituo. Njia inamfikisha mtembezi kwenye ua wa kumbukumbu ya David Livingstone. Hapo pana mnara wa mawe wa zama za Waingereza, wenye ramani ya Afrika iliyotiwa msalaba. Pana makumbusho yenye sanamu za Wazungu wawili wakivuliana kofia. Pana miembe inayosemwa kuwa imetokana na vikonyo vya mwembe wa kwanza, ambao wenyewe ulikwisha kufa. Maandishi yanaeleza kwamba mahali hapo, Novemba 1871, Henry Morton Stanley alikutana na Livingstone. Basi. Njia ya maelfu ya watu, iliyotumika kwa miongo mingi, imefungwa kwa alasiri moja ya watu wawili.

Isidhaniwe kwamba kisa chenyewe ni dhaifu. Kwa sanaa ya masimulizi kina nguvu sana. Mtu amesafiri tangu Machi hadi Novemba kumtafuta mzee mgonjwa asiyejulikana yu hai au amekufa. Anamkuta, na moyo unataka kukimbia, lakini mdomo unatoa maneno machache ya adabu baridi. Ulimwengu mzima umeyakumbuka maneno hayo. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza yametoka wapi. Yametoka katika maandishi ya Stanley mwenyewe, na kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Katika shajara yake, kurasa zilizopaswa kuelezea makutano hayo zimechanwa. Mtunzi amekiacha kituo na kuuficha mswada.

Lipo na jambo jingine ambalo msikivu wa Kiswahili atalitambua upesi. Maneno yale mashuhuri si salamu. Ni dhana iliyovikwa vazi la swali. Mwenye kuyafasiri kwa Kiswahili atahangaika, maana mtu hafiki kwa watu akaanza kwa kukisia jina la mwenyeji. Hubisha hodi kwanza, akaambiwa karibu. Salamu ilikuwapo siku ile, ila haikutoka kwa Stanley. Kwa mujibu wa kitabu chake mwenyewe, aliyemwamkia wa kwanza ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki, kisha akafuata Chuma. Mlango wa kisa ulifunguliwa na Susi. Sanamu zimejengwa mbili tu, na Susi hayumo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujiji mgeni amekuja, na mwenyeji amepotea katika maandishi. Stanley na Livingstone wote wawili walikuwa wageni. Mkubwa wa mji katika miaka ile alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, ambaye baadaye, mwaka 1881, alitambuliwa na Sultani Barghash kuwa liwali wake huko. Mbele yake na nyuma yake walikuwapo Waha, wenye ardhi, ambao jina la mji lenyewe ni lao. Mwenye kutembea njia hii bila kitabu mkononi atatoka akiwa anajua rangi ya kofia ya Stanley, na hajui ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumkaribisha au kumfukuza.

Pwani itapenda kusikia lawama hizi zikiishia kwa Wazungu. Haki hairuhusu. Kiswahili nacho kina maandishi yake juu ya njia za bara, na yanahitaji kusomwa kwa jicho lile lile. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, imo safari ya Sleman bin Mwenye Chande aliyetoka pwani kwenda bara. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalichapishwa pia maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika kwa hati za Kiarabu kwa kuhimizwa na Heinrich Brode, na ambayo W. H. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950.

Kwa fani, nathari ya Tippu Tip ni hazina. Hairembi. Hailizwi na machweo wala haisifu milima. Mizani yake ni siku za mwendo, frasila za pembe, bunduki na madeni. Jina la mahali hufuata jina la mahali kama hatua inavyofuata hatua, na msomaji anachoka pamoja na msafara. Huo ni ufundi wa mtu aliyeitembea njia kwa miguu yake. Lakini kwa maudhui, ukimya wake ni mzito. Waliobeba pembe zile na waliofungwa pamoja nazo huingia katika sentensi kama hesabu, na kama hesabu hutoka. Stanley aliwaacha nje ya kituo, na Tippu Tip aliwaacha nje ya ubeti. Pembe walizozibeba zilishuka Bagamoyo, zikavushwa hadi Unguja, zikapimwa forodhani. Msomaji wa kisiwani anaposimama Ujiji, amesimama kwenye ncha ya pili ya uzi ule ule ambao ncha yake ya kwanza imo mjini kwake.

Je, njia yaweza kutungwa vingine? Ziwa lenyewe linatoa mifano miwili. Kaskazini ya Kigoma, kwa mwendo wa mashua, ipo Gombe, iliyokuwa pori la akiba tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968. Jane Goodall alifika huko Julai 1960. Alifariki Oktoba 2025, na kilima alichokikalia na darubini yake kinaitwa kwa jina lake. Lakini mabonde yanayokatwa na njia za miguu bado ni Kasekela, Kakombe, Mkenke, Mitumba. Mtembezi anayepanda kwenye maporomoko ya Kakombe hulitamka jina la wenyeji kila anapouliza njia. Tena katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, miaka mia kamili baada ya kisa cha Ujiji, Goodall aliwataja kwa majina watu waliomwongoza msituni, akiwamo Rashidi Kikwale. Hilo halikuipunguza sifa yake hata chembe.

Kusini kuna Mahale, hifadhi tangu 1985, ambayo ndani yake hamna barabara na kila kitu hufanywa kwa miguu. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Kwa macho ni njia nzuri kupita zote za mwambao. Kwa masikio ni njia yenye huzuni, kwani Watongwe, walioiheshimu milima hiyo kama makao ya mizimu yao, walihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Sokwe wamelindwa, na hilo ni jema. Ila njia za msituni zilikanyagwa na Watongwe kabla ya mtafiti yeyote, na mtembezi anayeambiwa kwamba amefika kwenye pori lisiloguswa na mtu ameambiwa uongo. Gombe imehifadhi majina, Mahale imehifadhi mlima, Ujiji imehifadhi kofia.

Dawa ya Ujiji haiko mbali. Iko mita mia kadhaa mbele ya mnara. Zama za Livingstone ziwa lilikuwa juu zaidi, na lilishuka baada ya maji yake kujipasulia mlango wa Lukuga, mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa hivyo ua wa kumbukumbu umebaki nyuma, na wageni wengi hugeuka hapo wakarudi mjini. Kumbe njia ya misafara haikuishia chini ya mwembe. Iliishia majini, na majini ilianza upya, kwani ng'ambo ndiko Manyema, walikotoka watu na pembe. Kuikata njia kabla ya ufuko ni kuliimba shairi na kuruka ubeti unaolifafanua. Aendelee mtembezi kushuka mpaka ziwani. Atawakuta mafundi wakiunda mashua za mbao kwa mikono, ubao kwa ubao, na siku ya anga safi ataiona milima ya Kongo imelala upande wa pili. Hapo ndipo pa kuweka maandishi, kwa Kiswahili na kwa Kiha, yenye jina la Mwinyi Kheri bila kumsafisha, jina la Susi, jina la Chuma.

Susi na Chuma wanastahili hata zaidi ya jina. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko Tabora waliingia katika njia hii hii ya kati, wakaifuata hadi baharini. Mwaka huo huo wakaenda Uingereza na kumsaidia Horace Waller alipokuwa akihariri shajara za mwisho za bwana wao. Kwa hiyo walikuwa wapagazi wa mwili na wapagazi wa maneno. Bila mabega yao lisingekuwako kaburi la Westminster, na bila ndimi zao siku za mwisho za Livingstone zisingesimuliwa kama zinavyosimuliwa.

Wasiojulikana majina ni wengi kuliko hao, na hakuna utafiti utakaowarudisha wote. Kwao ibaki miembe. Miembe iliyopo uani leo ni kama tafsiri ya mwembe uliokufa: tunda ni lile lile, kivuli ni kingine. Mfasiri mwaminifu hukubali kwamba kitu kimepotea, akakionyesha mahali kilipopotea. Njia ya Ujiji imekwisha kupata vina na mizani. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuisogeza hatua chache hadi majini, ili kituo chake kiwe cha wale waliotua mzigo.