'Sasisha' Masikioni mwa Watumiaji: Uhakiki wa Istilahi za Mfumo Endeshi Mkoani Mwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza bila malipo mfumo endeshi wake wa Windows 10, uliotolewa Julai 2015 na kuenea katika ofisi, shule na maduka mengi ya nchi yetu. Kwa fundi hilo ni jambo la kiufundi. Kwa mchunguzi wa istilahi ulikuwa mtihani, kwani katika miezi ile watu ambao kwa kawaida hawana haja ya kujua mfumo endeshi ni nini walilazimika kusoma, kusikia na kutenda kwa maneno ambayo sisi wa upande wa istilahi tumeyaunda, tumeyasanifu, au tumeyaacha yapite. Makala haya yanahakiki baadhi ya maneno hayo kama yalivyopokewa Mwanza mjini na katika mialo iliyo jirani. Hatukukusanya takwimu. Tulisikiliza tu: katika steshenari za Makoroboi na Kirumba, katika vyumba vya walimu, na kwa mafundi ambao kwao kompyuta za wakubwa na wadogo huishia.

Tuanze na tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Tangazo liliwataka watumishi wote wasakinishe masasisho, watengeneze chelezo, kisha waanzishe upya tarakilishi zao kabla ya siku ambayo msaada ungekoma. Kisarufi tangazo lile halikuwa na kosa. Kila neno lililotumika lina mahali pake katika orodha moja au nyingine ya istilahi. Hata hivyo watumishi tuliozungumza nao walikiri kwamba ilibidi wamwite fundi awafasirie Kiswahili kwa Kiswahili. (Kuhusu 'tarakilishi' hatutapoteza wino: Mwanza husema kompyuta, na ndivyo asemavyo mwandishi wa makala haya.)

Msomaji asidhani kwamba pengo hili ni la jana. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo halikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba katika kipindi kile ambacho istilahi za sheria, elimu na utawala zilikuwa zikisanifiwa kwa bidii na kujaribiwa papo hapo vinywani mwa watu, kompyuta haikuwa kitu cha kusemwa na umma. Ilipofika Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ilipotafsiri Windows baadaye, mamia ya istilahi yalihitajika kwa pamoja na kwa haraka. Kazi ile ilistahili sifa, na bado inastahili. Lakini istilahi zake nyingi zilizaliwa kabla ya kuwapo wasemaji wa kuzilea.

Sasa tulitazame neno lenyewe. 'Sasisha' ni neno zuri. Limetokana na 'sasa' kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi: 'sawa' imetupa 'sawazisha', 'tayari' imetupa 'tayarisha', 'hakika' imetupa 'hakikisha', na 'imara' imetupa 'imarisha'. Hakuna mwalimu wa Mwanza aliyetuambia kwamba hakulielewa umbo lake. Lawama iko kwingine. Neno hili moja limetwishwa mizigo mitatu ambayo mtumiaji huitofautisha vizuri kuliko kamusi zetu.

Mzigo wa kwanza ni marekebisho madogo ambayo mashine hujiletea yenyewe kwa njia ya mtandao, mengi yakiwa viraka vya kuziba matundu ya usalama. Wa pili ni kuondoka katika toleo moja na kwenda jingine, mathalan kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Wa tatu ni kufuta kila kilichomo katika sehemu ya diski yenye mfumo na kuweka mfumo upya tangu mwanzo. Kwa mtumiaji mambo haya hayafanani hata kidogo, kwa sababu gharama zake hazifanani. La kwanza hula bando, na mtu anayeunganisha kompyuta kwa simu yake huweza kuamka asubuhi akakuta kifurushi cha wiki kimekwisha. La pili huweza kumlazimu anunue mashine nyingine. La tatu huweza kumpotezea kazi ya miaka.

Lugha ya mafundi imelijua hilo siku nyingi. La kwanza wanaliita 'kuapdeti'. La tatu wanaliita 'kupiga windo', na hapa inafaa tusimame kidogo, maana msemo huu hudharauliwa na wasomi pasipo kuchunguzwa. Kiswahili kina jamii kubwa ya misemo ya 'piga' ambayo huonyesha kazi ya kuenea juu ya kitu kizima: kupiga rangi, kupiga plasta, kupiga deki, kupiga msasa, kupiga pasi. Fundi anayepiga windo anaingia katika jamii hiyohiyo. Anakwangua kilichokuwapo na kupaka kipya juu ya eneo lote. Mteja anayesikia msemo huo huuliza mara moja swali linalostahili: je, vitu vyangu vitabaki? Anayeambiwa 'sakinisha mfumo' haulizi, kwani 'sakinisha' ina mwangwi wa maskani na utulivu. Ni neno la mgeni anayekaribishwa nyumbani, wala halidokezi kwamba mwenyeji anatolewa nje pamoja na vyombo vyake.

Hatupendekezi 'kupiga windo' iingizwe katika orodha sanifu. Limeshikamana mno na jina la bidhaa ya kampuni moja, na tayari tumemsikia kijana mmoja wa Nyegezi akisema amepiga 'windo ya Ubuntu', yaani mfumo usiohusiana kabisa na kampuni hiyo. Tunachosema ni kwamba tofauti iliyomo katika msemo huo ni halali, na orodha isiyokuwa nayo ina upungufu.

Mzigo wa pili ndio uliotendewa vibaya zaidi, kwa sababu mara kwa mara umepewa neno 'boresha'. Neno hili nalo halina kasoro ya umbo. Kasoro yake ni kwamba linatoa hukumu. Istilahi hutaja kitu. Haina kazi ya kukisifu. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofanya kazi katika steshenari za Mwanza ni za zamani kuliko masharti hayo. Mwenye duka mmoja wa Kirumba alitueleza kwamba mashine yake ya awali, iliyotimiza masharti kwa shida, iliboreshwa mpaka ikawa haiwezi kuchapa barua moja bila kuganda. Hakukusudia mzaha. Alilitumia neno kama alivyolisoma, na sentensi ikajipinga yenyewe. Neno linalomfanya msemaji mwaminifu ajipinge ni neno la mwuza bidhaa, nasi hatuna sababu ya kumfanyia mwuza bidhaa kazi yake. 'Kuhamia toleo jipya' ni refu zaidi, lakini halimsingizii mtu.

Tuje kwenye 'anzisha upya'. Hapa ndipo madhara tuliyoyakuta yalikuwa makubwa kuliko yote, ingawa neno lenyewe laonekana halina hatia. Katika Kiswahili cha kila siku, kuanza upya ni kurudi mwanzo na kuacha yote yaliyokwisha kufanyika: kesi huanza upya, shamba lililoliwa na viboko hulimwa upya. Mwalimu mmoja wa taaluma katika sekondari ya Wilaya ya Ilemela alikuwa miongoni mwa wachache walioiweka kompyuta yao katika Kiswahili, na alifanya hivyo kwa mapenzi ya lugha. Kila mashine ilipomwambia ianzishwe upya ili kumaliza usasishaji, yeye aliahirisha, akiamini kwamba alama za wanafunzi alizoziingiza zingefutika. Aliahirisha kwa miezi. Viraka havikukamilika, kirusi kikaingia kwa njia ya flashi ya mwenzake, mashine ikagoma, fundi akaitwa, akapiga windo. Alama za mihula miwili zilikuwa kwenye eneokazi, ambalo ni sehemu ya diski inayofutwa. Kwa hiyo hofu ya kupoteza, iliyotokana na neno, ndiyo iliyoleta upotevu wenyewe. Tangu hapo kompyuta yake inasema Kiingereza. Kama angaliambiwa 'zima na uwashe', maneno ambayo kila mwenye redio ameyajua tangu utoto, hakuna shaka angalifanya hivyo siku ile ya kwanza.

Wako watakaosema kwamba mwalimu huyo angalipaswa kuwa na chelezo. Ni kweli, lakini je, neno hilo lingemfikiaje? 'Chelezo' limependekezwa katika baadhi ya orodha za kompyuta kwa maana ya nakala inayowekwa kando ili itumike asili ikipotea. Tunaweza kubuni sababu za walioliteua. Chelezo hutokana na kitenzi 'eleza' kwa maana ya kufanya kitu kielee, na miongoni mwa maana zake za zamani ni fungu la magogo au boya lililofungwa ili lisizame. Mashine ikizama, kazi yako inaelea. Ni taswira nzuri, na katika kurasa hizi tungeipigia makofi laiti watumiaji wote wangekuwa mabaharia wa pwani wa karne iliyopita.

Mwanza, hata hivyo, ina chelezo lake, na ni la chuma na zege. Liko bandari ya Mwanza Kusini, nalo lilijengwa katika mradi uleule wa mikataba ya Septemba 2018 uliohusu ujenzi wa meli mpya ya MV Mwanza na ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama. Magazeti na redio vililitaja mara nyingi, hasa MV Mwanza iliposhushwa majini Februari 2023, hata neno likawa la watu wote. Kwa mkazi wa Mwanza chelezo ni mahali ambapo chombo hupandishwa kutoka majini kitengenezwe. Ukimwambia atengeneze chelezo kabla ya kusasisha, picha anayoipata inapatana kwa namna fulani na usasishaji, na hiyo ndiyo hatari: anadhani ni hatua ya matengenezo inayofanywa na fundi, wala si nakala anayopaswa kuifanya yeye mwenyewe. Watumishi wawili wa ofisi yenye lile tangazo walituambia hivyo waziwazi. Walikuwa wakingoja chelezo lijengwe na kitengo kinachohusika.

Istilahi inayoeleweka vibaya ni mbaya kuliko isiyoeleweka, kwa kuwa asiyeelewa huuliza. Sisi tungechagua 'nakala ya akiba'. Lina maneno mawili na kiungo, wapenzi wa ufupi watanung'unika. Lakini akiba ni kitu anachokijua mvuvi wa dagaa wa Igombe na karani wa Nyamagana, na wote wawili wanajua kwamba akiba haikai katika mfuko uleule wenye pesa za matumizi.

Limebaki neno 'msaada'. Ofisi ile iliandika kwamba msaada ungekoma tarehe 14 Oktoba. Katika nchi iliyozoea miradi ya wafadhili, neno hilo lilisikika kama habari ya fedha za nje. Wengine walilichukua kwa maana ya leseni: siku ikifika, chombo hakiruhusiwi tena kutoka mwaloni, hivyo kompyuta zingezimika zenyewe usiku wa manane. Siku ikafika, kompyuta zikawaka kama kawaida, na wengi wakahitimisha kwamba walitishwa bure. Kumbe hatari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, maana matundu mapya yatakayogunduliwa hayatapata viraka, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao nao kwa watu binafsi una kikomo cha Oktoba 2026. 'Kukoma kwa matunzo' kungelieleza jambo hili kwa usahihi: mashine isiyotunzwa huendelea kwenda, na kila mtu amekwisha kuona daladala ya namna hiyo.

Mapendekezo yetu kwa kikao kijacho cha istilahi ni haya. 'Sasisha' ibaki, lakini kwa marekebisho madogo tu. 'Kuhamia toleo jipya' ichukue mahali pa 'boresha'. Kwa kazi ya fundi ya kufuta na kuweka tena, tunapendekeza 'kusimika upya', kwa kuwa 'simika' imeshazoeleka katika nyaraka za Serikali zinazohusu mifumo, na kila nyaraka inapolitumia neno hilo iseme wazi kwamba vilivyomo vitafutwa. 'Anzisha upya' iachiwe kesi na mashamba.

Kuhusu mjadala wa kama tuseme 'sasisho' au 'usasishaji', tunaona yote mawili yana kazi: la kwanza ni kile kinacholetwa, nalo lina wingi wa 'masasisho', la pili ni tendo, halihitaji wingi. Hilo laweza kupitishwa bila kurefusha kikao.