Bahari Iliyomo Ndani ya Insha

Aghalabu mwanafunzi wetu hukutana na utunzi wa hadithi kwa sharti moja: kisa kiithibitishe methali. Mitihani ya Kenya imeuzoeza mtindo huu, wala si mgeni visiwani. Mtoto mkaidi huvunjika mguu, mwenye subira hula mbivu, na alama hupatikana. Lakini kisa ambacho hatima yake imekwisha kuamuliwa hakimlazimishi mtunzi kuuliza lolote.

Tuchukulie mtoto wa Jambiani anabuni kisa cha mkulima wa mwani, kilimo kilichoingia Unguja mwaka 1989 na ambacho wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwezi ni mpevu; saa kumi alfajiri mama anashuka shambani. Sentensi nzuri, ila mama atazama: siku za bamvua maji yetu hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne, na baina ya hali hizo mbili kimo chake hupishana kwa takriban mita 4. Mtunzi afanyeje? Kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi. Akisubiri siku saba, dakika 350 zitamletea kupwa alfajiri. Lakini hayo ni maji mafu, hayatoki mbali, na vigingi vingali vimezama. Akichagua saa nne asubuhi, mwezi aliousifu umekwisha kutua. Imebaki saa nne ya usiku, bahari ikiwa imetoka na mwezi uko juu. Hiyo, kwa maoni yangu, ni picha bora kuliko ile ya kwanza, na iliyoizaa ni hesabu na jiografia.

Gianni Rodari, mwandishi wa watoto wa Italia, katika Grammatica della fantasia (1973) alilitetea kosa kuwa mbegu ya hadithi. Nakubaliana naye nusu. Yeye hupenda kulifuata kosa liendako. Hapa kulisahihisha ndiko kulikofungua mlango. Mwalimu wa kalamu nyekundu (nao ni wengi) angeipigia mstari tahajia tu, akaipitisha bahari isiyokuwepo.

Sasa mtoto anadaiwa jambo jingine. Mama wa watu anafanya nini baharini usiku, wenzake wamelala? Huenda mchana ana kazi nyingine. Huenda bei ya kilo moja ya mwani mkavu haimtoshi, na mtunzi itambidi aiulize nyumbani kabla ya kuandika ukurasa wa pili.