Wapiga Mtungi wa Louisville

Mtungi wenyewe hauna ajabu. Ni wa udongo mgumu uliochomwa vizuri, rangi ya kahawia au kijivu, shingo fupi, kishikio kimoja cha kupitisha vidole viwili, na tumbo la kuchukua galoni moja, yaani karibu lita nne. Zamani, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, watu walihifadhi humo wiski, siki na sharubati. Kilichokuwamo kikiisha, mtungi ulibaki kuwa mzigo uvunguni. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, katika mitaa ya Wamarekani Weusi wa Louisville, mji wa jimbo hilo, palikuwa na watu walioweza kuuchukua mtungi huo mtupu, wakausogeza mdomoni, na bendi nzima ikapata besi ya kusimamia.

Anayeona picha za zamani za bendi hizo hudhani mpigaji anapitisha tu hewa juu ya mdomo wa mtungi, namna watoto wanavyopuliza chupa ya soda mpaka ikalia. Sivyo. Chupa ikipulizwa hivyo hutoa noti moja tu, na noti hiyo huamuliwa na ukubwa wa chupa. Mpiga mtungi hutetemesha midomo yake mwenyewe, sawa na mpiga tarumbeta, na mtetemo huo ndio sauti. Mtungi hukaa mbele ya midomo, mara nyingi bila kuigusa, mwanya ukiwa wa upana wa kidole hivi. Kazi yake ni kuupokea mtetemo mwembamba na kuurudisha ukiwa mnene. Uondoe mtungi, utasikia nyuki aliyenaswa dirishani. Urudishe, sakafu itaanza kuitikia.

Tarumbeta ina vitufe, filimbi ina matundu, tromboni ina mrija wa kusukuma na kuvuta. Gitaa lina vigawanyo shingoni vinavyomwonyesha mpigaji noti ilipo. Mtungi hauna chochote cha namna hiyo. Noti ikitakiwa kupanda, midomo hukazwa. Ikitakiwa kushuka, hulegezwa. Baina ya hapo hakuna alama ya kushika. Tena, mpiga tarumbeta angalau anaegemeza midomo yake kwenye kinywa cha chuma. Ya mpiga mtungi ipo hewani, haina pa kuegemea. Kwa hiyo sikio lake lazima liijue noti kabla midomo haijaitoa, na hilo ni gumu zaidi huko chini kwenye besi, ambako noti zinakaribiana kwa sauti na sikio la kawaida huzichanganya kwa urahisi. Besi ina dhamana nyingine pia. Ikipotoka kidogo, msikilizaji hatasema besi imepotoka. Ataona fidla iliyo sahihi ndiyo iliyokosea.

Halafu kuna pumzi. Midomo isiyobanwa na kitu hupitisha hewa nyingi, na anayejaribu mara ya kwanza hupata kizunguzungu wimbo haujafika kati. Mzoefu hupuliza kwa mikupuo mifupi. Noti huikata mara tu inapofika mahali pake, na hewa mpya huivuta upenyoni, kati ya pigo na pigo, bila kuonekana. Ndipo ulipotoka ule mdundo unaozitambulisha bendi hizi: besi inayoruka, inagusa na kuachia, badala ya kujilaza chini ya wimbo. Mapafu ndiyo yaliyolazimisha mtindo huo, wapigaji wakaugeuza kuwa urembo. Na kwa kuwa midomo haina ngazi za kupanda, fundi akitaka anaweza kuiburuta noti kutoka chini hadi juu kwa mtelezo mmoja laini, jambo ambalo piano haina njia ya kulifanya.

Si ajabu kwamba ufundi huu ulikomaa Louisville. Mji uko kwenye ukingo wa mto Ohio, mahali ambapo maporomoko yalikuwa kizuizi kikubwa pekee cha asili katika safari nzima ya mto huo. Kabla ya mfereji wa kuyakwepa kufunguliwa mwaka 1830, meli zilisimama hapo, shehena ikashushwa na kubebwa nchi kavu hadi upande wa pili. Bahari iko mbali sana, lakini tabia ni zile zile za miji yetu ya pwani: makuli, mabaharia, wachuuzi, wageni wanaosubiri chombo, na watu wanaojua kwamba mgeni anayesubiri atatoa senti akichangamshwa. Juu ya hayo, kila mwaka tangu 1875, mbio za farasi za Kentucky Derby zimeujaza mji matajiri wenye kutaka burudani. Bendi za mitungi zilipiga kwenye kona za barabara, kwenye hoteli, kwenye karamu za watu wakubwa na kwenye vyombo vya mtoni. Mgeni wa leo huonyeshwa kwanza Kituo cha Muhammad Ali, kilichofunguliwa mwaka 2005, na kile kigongo kikubwa cha besiboli chenye urefu wa mita 36 kilichoegemezwa kwenye jengo la makumbusho katika barabara ya Main. Vyote vinastahili. Ila akiuliza ni sanaa gani mji huu uliifundisha Marekani, jibu mojawapo ni mtungi.

Fundi mkuu alikuwa Earl McDonald. Alizaliwa mwaka 1885, akakulia Louisville, akaongoza bendi za mitungi kwa miaka mingi kabla ya kufariki mwaka 1949. Mwenzake wa karibu zaidi katika santuri ni Clifford Hayes, mpiga fidla. Kulikuwa na bendi nyingine ya Buford Threlkeld, aliyejulikana kwa jina la Whistler, ambaye pamoja na gitaa alipuliza filimbi ya puani. Ukizisikiliza bendi hizi utaona kwamba mtungi haukuwa mchekeshaji wa pembeni. Fidla ilishika wimbo, banjo zilichapa mapigo, na mtungi ukafanya kazi ambayo bendi zenye fedha ziliipa tuba. Tuba ilikuwa ghali. Mtungi ulikuwa wa bure, ila yule wa kuupiga hakupatikana kwa urahisi.

Mwezi Septemba 1924, Sara Martin, mwimbaji mzaliwa wa Louisville ambaye tayari alikuwa na jina, alirekodi New York kwa kampuni ya OKeh akisindikizwa na mtungi wa McDonald, fidla ya Hayes na banjo. Hizo ndizo santuri za kwanza za muziki wa mitungi. Mwaka huo huo bendi ya Whistler ilirekodi kwa kampuni ya Gennett, katika jimbo jirani la Indiana. Wakati ule studio za santuri hazikutumia maikrofoni. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe kubwa ya bati iliyobeba sauti hadi kwenye sindano ya kuchora nta, na pembe hiyo ilikuwa dhaifu kwa sauti za chini. Mpigaji alipaswa kupiga kwa nguvu ya kutosha kuifikia sindano, lakini si kwa nguvu ya kuifanya iruke. Ndiyo maana mtungi kwenye sahani hizo huja na kupotea, na msikilizaji wa leo anahitaji subira.

Umeme ulibadilisha mambo. Kuanzia 1925 kampuni kubwa zilianza kutumia maikrofoni, na Desemba 1926 kundi la McDonald na Hayes, likiitwa Dixieland Jug Blowers, liliingia studio ya kampuni ya Victor mjini Chicago. Katika baadhi ya nyimbo aliongezwa Johnny Dodds, mpiga klarineti aliyekuwa amerekodi na Louis Armstrong. Hapo ufundi unasikika waziwazi. Klarineti ya Dodds inapanda na kupinda, inajibizana na fidla, na mtungi hautikisiki. Haumfuati Dodds kila anakokwenda; unamwekea mahali pa kurudi. Kuna nyimbo zenye mitungi miwili, na mtu akidhani mitungi miwili ni kelele maradufu, asikilize tena. Wapigaji wanapishana. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi, kwa hiyo besi inapata mwendelezo ambao kifua kimoja kisingeweza kuutoa.

Santuri za Louisville zilisafiri kuteremka mto. Huko Memphis, kijana aitwaye Will Shade alizisikia, akakusanya wenzake, na Februari 1927 Memphis Jug Band ikarekodi nyimbo zake za kwanza. Memphis walikuwa na ladha yao: harmonika, gitaa, bluzi nzito zaidi. Walipata umaarufu mkubwa kuliko walimu wao, na hadi leo wengi hudhani muziki wa mitungi ni wa Memphis. Louisville yenyewe iliendelea. Tangu 1929, kinu cha unga cha Ballard kilidhamini bendi ya mitungi kwenye redio ya WHAS, chini ya jina la Ballard Chefs. Juni 1931 Victor walikuja kurekodi Louisville kwenyewe. Bendi ya Whistler ilipata nafasi, na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mzungu aliyekuwa nyota wa nyimbo za mashambani, alirekodi wimbo mmoja akisindikizwa na Hayes na wenzake. Katika nchi iliyotenganisha hata rafu za santuri kwa rangi za watu, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini uchumi ulikuwa tayari umeanguka, santuri zikakosa wanunuzi, na ladha ikahamia kwenye bendi kubwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki au wa Kongo hana sababu ya kuuona muziki huu kuwa wa kigeni kabisa. Katika santuri za gitaa za Kenya za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kama zile za George Mukabi, kuna mtu pembeni mwenye chupa ya Fanta. Anaigonga na kuikwaruza kwenye matuta yake, na bila yeye gitaa lingekosa miguu. Ule ulikuwa wakati wa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na kuimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha huko. Leo familia nyingi kutoka Kongo zimehamia Louisville, na Kiswahili kinasikika madukani, makanisani na kwenye mabasi ya shule. Watoto wao wanakua katika mji ambao bibi na babu wa majirani zao walifanya kwa mtungi kile ambacho wazee wetu walifanya kwa chupa.

Ila kuna tofauti inayopaswa kutambuliwa. Chupa inabeba mapigo. Inamdai mpigaji uthabiti wa mkono. Mtungi unabeba mapigo na noti kwa pamoja, na unamdai mkono, kifua, midomo na sikio kwa wakati mmoja. Kinachofanana ni kwamba chombo kimeokotwa, ufundi haukuokotwa. Kampuni za santuri hazikuliona hili vizuri. Ziliwauza wapiga mitungi kama kichekesho, na wasikilizaji wakacheka kabla ya kusikiliza. Inawezekana wapigaji wenyewe hawakukasirika, kwa sababu mwenye kucheka hufungua mkoba. Lakini kicheko kiliacha deni, kwani vitabu vya historia ya jazi vilikaa muda mrefu vikiwataja wapigaji hawa kwa sentensi moja au mbili.

Deni hilo limeanza kulipwa. Miaka ya 1960 vijana wa Boston na California waliziokota santuri za zamani wakaanzisha bendi zao za mitungi. Mojawapo, ya mwaka 1964, ndiyo iliyokuja kuwa bendi ya roki ya Grateful Dead. Louisville nayo ilianzisha tamasha lake la muziki wa mitungi, likakusanya bendi ukingoni mwa Ohio, pamoja na mafunzo kwa watoto na watu wazima wanaotaka kujaribu. Wanaojaribu hugundua haraka kwamba kupata mlio ni jambo la dakika chache. Kupata noti ni jambo la miezi, na kuishika noti hiyo huku wenzako watano wakipiga kwa kasi ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo anayetaka kumpima mpiga mtungi asimsikilize pale anapoachiwa uwanja ajitambe. Hapo kila mtu hupata la kuonyesha, na mtelezo mmoja wa noti unatosha kuwafanya watu wapige makofi. Amsikilize katikati ya wimbo, fidla inapokimbia na banjo zinapogombana, wakati hakuna anayemtazama. Akisikia besi imefika kila ilipohitajika, si kabla wala baada, noti ikiwa safi na pumzi isijulikane imevutwa wapi, basi amemsikia fundi. McDonald alifanya hivyo wimbo baada ya wimbo, kwa chombo ambacho hakikumsaidia hata kidogo, na santuri zipo kwa yeyote anayetaka kuthibitisha.